Kabla ya kuwaongezea wanawake mtaji, tutazame ratiba ya marejesho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo huachwa kila yanapoanza mazungumzo ya wanawake wenye biashara ndogo. Mazungumzo hayo huanzia kwenye mtaji na kuishia kwenye mtaji. Kiongozi akisimama anaahidi mikopo, taasisi ya fedha ikitangaza inatangaza mikopo, na mwenye biashara mwenyewe akiulizwa kinachomkwamisha anajibu neno hilohilo. Sipingi kwamba mtaji ni mdogo. Ninachosema ni kwamba fedha nyingi zinazowafikia wanawake hawa zinakuja na kasoro tatu: zinaanza kudaiwa kabla hazijazaa, riba yake inahesabiwa kwa namna inayoficha ukubwa wake, na zinapita nyumbani kabla ya kufika kwenye biashara. Ukiongeza kiasi bila kugusa hayo matatu, unatia maji kwenye pakacha.

Nianze na riba, maana hapo wengi huumia bila kujua wameumizwa wapi. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano. Msomaji aweke fedha ya nchi yake, uwiano haubadiliki.

Tuchukue mkopo wa 1,200,000 wa miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi. Afisa mikopo atasema "riba yetu ni asilimia 3 tu", na mkopaji ataridhika. Swali analopaswa kuuliza ni fupi: asilimia 3 ya nini? Kama ni ya mkopo wote wa mwanzo, ile ambayo wenyewe huiita riba ya flati, atalipa riba ya 36,000 kila mwezi kwa miezi yote 12, jumla 432,000. Kama ni ya salio linalopungua, na kila mwezi anapunguza deni kwa 100,000, riba ya mwezi wa kwanza ni 36,000, wa pili 33,000, wa tatu 30,000, hivyo hivyo mpaka mwezi wa mwisho ambapo ni 3,000. Jumla yake ni 234,000. Asilimia ni ileile na tangazo ni lilelile, lakini tofauti ni 198,000. Tazama mwezi wa 12 peke yake: deni lililobaki ni 100,000, na mkopaji wa flati bado anatozwa 36,000 juu yake.

Kisha yako makato ya siku ya kwanza. Ada ya fomu na usindikaji asilimia 2, yaani 24,000. Bima ya mkopo asilimia 1, yaani 12,000. Akiba ya lazima asilimia 10, yaani 120,000, ambayo hairudi mpaka deni liishe. Aliyesaini 1,200,000 anatoka mlangoni na 1,044,000, lakini riba yake inahesabiwa kwa 1,200,000. Ukiweka yote hayo pamoja, riba ya flati, makato, na akiba iliyofungiwa mpaka mwisho, gharama halisi ya fedha alizopewa mkononi inazidi asilimia 6.5 kwa mwezi. Ni zaidi ya mara mbili ya ile asilimia 3 iliyotajwa. Hakuna aliyemdanganya kwa maneno, kwa kuwa kila kipengele kimo kwenye mkataba. Shida ni kwamba kila kipengele kimeandikwa ukurasa wake na hakuna mahali vimejumlishwa.

Riba hiyo ingebebeka kama ratiba ya marejesho ingefuata mwendo wa biashara. Haifuati. Deni hilo la flati, mtaji na riba, ni 1,632,000. Likigawanywa kwa wiki 48, kila wiki ni 34,000, na rejesho la kwanza hudaiwa wiki moja tu baada ya fedha kutoka. Sasa mfikirie fundi cherehani. Wiki ya kwanza ananunua vitambaa. Wiki mbili zinazofuata anakata na kushona. Kisha anauza, lakini sehemu kubwa ya wateja wake hulipa wakipokea mshahara, kwa hiyo fedha ya maana inarudi mkononi kama wiki ya 6. Mpaka hapo ameshatakiwa kulipa marejesho sita, jumla 204,000, na bidhaa alizonunua kwa mkopo huo hazijamrudishia kitu. Marejesho hayo anayatoa wapi? Kwenye mkopo wenyewe. Toa 204,000 kwenye 1,044,000, unabaki na 840,000. Kati ya 1,200,000 anazodaiwa, ni asilimia 70 tu iliyopata nafasi ya kufanya kazi.

Ndiyo maana utamkuta mwanamke anarejesha vizuri kabisa, jina lake halijawahi kuitwa kwenye kikao, na biashara yake inasinyaa. Anakula mtaji ili alinde jina. Asipokula mtaji anakopa kwa jirani, anavuta zamu yake ya upatu mapema, au anachukua mkopo wa pili kwa taasisi nyingine ili alipie wa kwanza. Kwenye vitabu vya mkopeshaji huyu ni mteja mwema, na mwakani ataongezewa kiasi.

Jambo hili limepimwa. Katika jiji la Kolkata, India, wakopaji wanawake waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walianza kulipa baada ya wiki mbili kama kawaida, wengine wakapewa miezi miwili ya kupumua kabla ya rejesho la kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Waliopewa miezi miwili waliingiza fedha zaidi kwenye biashara tangu mwanzo, na miaka mitatu baadaye faida zao zilikuwa kubwa kuliko za wenzao. Lakini ni haki kusema na upande wa pili: walioshindwa kulipa nao waliongezeka katika kundi hilo. Mwenye nafasi ya kuthubutu hufanikiwa zaidi na huanguka zaidi. Kwa hiyo mkopeshaji anayeogopa kuchelewesha rejesho la kwanza hana wazimu, ana sababu. Kosa ni kuwapa wote ratiba moja. Anayeuza bidhaa za kila siku, asubuhi ananunua na jioni zimekwisha, rejesho la wiki linamfaa, hata linamsaidia asizitumie fedha. Fundi, mfugaji, msusi wa vikapu na mtu anayeuza kwa mkopo wanahitaji rejesho la kwanza lije baada ya mzunguko mmoja wa bidhaa.

Na mzunguko huo unapimika bila elimu kubwa. Chukua daftari. Andika tarehe uliyonunua mzigo. Andika tarehe uliyopokea fedha ya mwisho ya mzigo huo, pamoja na madeni ya wateja. Hesabu siku zilizopo katikati. Fanya hivyo kwa mizigo mitatu mfululizo, kisha chukua ile iliyochelewa zaidi, wala si wastani, kwa sababu mkopo hukubana ile mara mambo yanapochelewa. Ukienda kuomba mkopo nenda na namba hiyo. Ukiambiwa rejesho la kwanza ni siku ya 7 na mzunguko wako ni siku 42, una njia mbili: kuomba tarehe isogezwe, au kutenga pembeni marejesho sita siku ileile unayopokea fedha, na kununua mzigo kwa kilichobaki. Njia ya pili inauma, lakini angalau inakuonyesha mapema mtaji wako halisi ni kiasi gani. Kama kiasi hicho hakitoshi kununua mzigo wa maana, usisaini.

Kuhusu dhamana ya kikundi, ambapo mmoja akishindwa wenzake wanalipa, nitasema kidogo. Wakopeshaji huamini kwamba bila dhamana hiyo hakuna atakayelipa. Nchini Ufilipino benki moja iliwahi kuyaondolea baadhi ya makundi mzigo wa kulipiana, ikabakiza vikao vya pamoja, na kiwango cha kushindwa kulipa hakikubadilika. Kinachowaleta watu kulipa ni kikao, kuonana, na haja ya mkopo ujao. Kubeba mkoba au cherehani ya mwenzako aliyefiwa hakuongezi kitu zaidi ya uadui.

Sasa tuingie nyumbani, ambako ndiko fedha nyingi hupotelea bila mtu kuziona. Nchini Sri Lanka wafanyabiashara wadogo walipewa ruzuku kwa bahati nasibu, wanaume kwa wanawake. Faida za wanaume zilipanda. Za wanawake, kwa wastani, hazikupanda. Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema wanawake hawajui biashara. Takwimu hizo zilipofunguliwa upya, pamoja na za India na Ghana, na matokeo kuchapishwa mwaka 2019, picha ikawa nyingine: katika nyumba zenye biashara zaidi ya moja, fedha ya mke ilikuwa imehamia kwenye biashara ya mume. Pale ambapo mwanamke alikuwa mwenye biashara pekee nyumbani, mtaji wake ulizaa kama wa mwanamume.

Hili halimfanyi mume kuwa mwizi. Mara nyingi wameamua pamoja, na huenda biashara ya mume inalipa zaidi. Lakini anayeandikwa kwenye mkataba ni mke, anayedaiwa wiki ijayo ni mke, na cherehani iliyowekwa dhamana ni ya mke. Familia ikiamua kuhamisha fedha, basi rejesho nalo lihame: biashara iliyopokea ndiyo itoe ile 34,000 kila wiki, na iandikwe kwenye daftari kama deni la biashara moja kwa nyingine. Nyumba nyingi hazifanyi hivyo kwa sababu kuandikiana kunaonekana ni kutoaminiana. Ni vema kuandikiana mapema, wakati wote wawili bado wanakumbuka vizuri walichokubaliana.

Njia ya kufikisha fedha nayo ina uzito wake. Nchini Uganda ilijaribiwa kuwapa baadhi ya wakopaji wanawake fedha zao kupitia akaunti ya simu iliyofunguliwa kwa ajili ya biashara tu, wengine wakakabidhiwa taslimu kama ilivyozoeleka. Baada ya miezi 8, waliopokea kwa simu walikuwa na faida kubwa zaidi kwa asilimia 15 na mtaji mkubwa zaidi kwa asilimia 11. Waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa wakibanwa na maombi ya ndugu. Fedha taslimu mezani kila mtu anaiona na kila mtu ana shida yake. Iliyoko kwenye laini inayojulikana kuwa ya biashara inampa mwanamke jibu la kweli: ya matumizi sina, hii ni ya mzigo.

Asiye na laini ya pili anaweza kutumia mikebe miwili, mmoja wa biashara na mwingine wa nyumba. Ni njia ya kizamani na bado inafanya kazi. Katika Jamhuri ya Dominika wafanyabiashara wadogo waligawanywa, baadhi wakafundishwa uhasibu kamili na wengine kanuni chache rahisi, ikiwemo hii ya kutenganisha fedha mahali pawili na kuhamisha kwa kumbukumbu tu. Waliofundishwa kanuni rahisi ndio waliobadilika. Wale wa uhasibu kamili hawakuonyesha tofauti ya maana. Wanaoandaa semina za siku tano zenye mizania na hesabu za uchakavu na watafakari hilo.

Kanuni yenyewe ni hii. Mwenye biashara ajipangie posho, kiasi kimoja kila wiki, na siku moja ya kuichukua. Posho inatoka mkebe wa biashara kwenda mkebe wa nyumba, na haitoki tena mpaka wiki ijayo. Bidhaa inayochukuliwa dukani kwenda kutumika nyumbani inalipiwa kutoka mkebe wa nyumba kwa bei ya kununulia. Posho ipangwe ndogo kwa kuanzia, ila isiwe sifuri. Anayejinyima posho kabisa huishia kuchota kidogokidogo kila siku, na kuchota huko hakuandikwi popote.

Kila jioni kuna mistari michache ya kuandika. Tuseme asubuhi ulianza na 20,000 kwenye mkebe. Umeuza taslimu 85,000. Mteja amelipa deni la 6,000. Jumla ni 111,000. Umenunua mzigo wa 48,000, nauli 5,000, posho 10,000. Zimetoka 63,000. Kwenye mkebe panapaswa kuwa na 48,000. Unahesabu noti na sarafu, unakuta 43,500. Pengo ni 4,500, na hapa ndipo daftari linapoanza kukulipa. Usiliache mpaka kesho, kwa sababu kesho hutakumbuka. Pengo la namna hii huwa na sababu chache zinazojirudia: bidhaa iliyotoka kwa mkopo ikaandikwa kama mauzo ya taslimu, chenji iliyokosewa wakati wateja walijaa, vocha iliyonunuliwa, mtoto aliyetumwa dukani na fedha ya mkebe, msaidizi aliyelipwa chakula cha mchana. Iandike sababu pembeni ya pengo. Baada ya wiki mbili utaona ni ileile inarudi, na utajua pa kuziba. Kama mauzo yako ni ya vitu vidogo vingi na huwezi kuandika kimoja kimoja, anza na fedha iliyopo jioni, ongeza zilizotoka, toa ulizoanza nazo na madeni yaliyolipwa; unapata mauzo ya siku. Njia hiyo haigundui pengo, lakini ni afadhali kuliko daftari tupu.

Nirudi kwa fundi cherehani, kwa sababu kwake kunaonekana vizuri jinsi bei inavyopangwa kwa kusahau nusu ya gharama. Gauni moja linakula kitambaa cha 9,000, na bitana, zipu na uzi 2,500. Jumla 11,500. Analiuza 15,000 na kusema amepata 3,500. Kwa mwezi anashona magauni 40. Pango na umeme ni 60,000, kila gauni linabeba 1,500. Nauli ya kufuata vitambaa 20,000, kila gauni 500. Sindano, mafuta na matengenezo ya cherehani 12,000, kila gauni 300. Gauni moja kati ya 20 huharibika au hukataliwa na mteja, kwa hiyo kila gauni libebe 575. Hizo ni 2,875. Katika ile 3,500 zimebaki 625, na gauni limechukua saa tano za mikono yake. Sasa ongeza riba ya ule mkopo wa flati, 36,000 kwa mwezi, yaani 900 kwa kila gauni. Kila gauni analoshona linamtoa 275 mfukoni, na saa zake hazijalipwa hata senti.

Ushauri anaopewa kwa kawaida ni "ongeza uzalishaji". Tufanye hesabu. Magauni 40 kwa saa tano ni saa 200 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi ni karibu saa 7 na dakika 40 kila siku. Magauni 60 ni saa 300, yaani saa 11 na nusu kila siku. Shirika la Kazi Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2018 lilionyesha kuwa wanawake hubeba asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa: kwa wastani saa 4 na dakika 25 kwa siku, dhidi ya saa 1 na dakika 23 za wanaume. Jumlisha 11 na nusu na 4 na dakika 25. Zinabaki kama saa nane za kulala, kula, kuoga, kwenda sokoni na kwenye kikao cha marejesho. Akiugua mtoto siku tatu, mwezi umeharibika. Kwa hiyo ongezeko la kazi si jibu kwake mpaka kuna mtu wa kupokea sehemu ya kazi, ama dukani ama nyumbani. Kinachowezekana mapema zaidi ni kutenga kazi zisizohitaji jicho la fundi, kama kupiga pindo, kukata nyuzi, kutia vifungo na kupiga pasi, akalipa msaidizi kwa kila gauni, na kupandisha bei kwa nguo mpya huku akiacha ya zamani kwa wateja wa zamani kwa mwezi mmoja au miwili.

Kupunguza bei nako kuna mtego ambao ni wa hesabu tu. Bidhaa ya kununua 100 ukiiongeza asilimia 25 unauza 125. Mteja akiomba apunguziwe asilimia 10, inasikika ndogo, lakini ni 12.5, nusu kamili ya faida. Akiomba asilimia 20, unauza 100 na hujapata kitu. Na mteja mmoja akichukua kwa mkopo asilipe, umepoteza 100 uliyonunulia. Kila bidhaa unayouza baadaye inakuletea 25, kwa hiyo utauza nne nyingine ili kurudisha hiyo moja tu. Wanawake hubanwa zaidi hapa kwa kuwa wateja wao ni shoga, mawifi na majirani, na kukataa kunaitwa roho mbaya. Kinachosaidia ni kuwa na kikomo kilichoandikwa na kubandikwa: jumla ya madeni yote ya nje isizidi faida ya wiki moja, na anayedaiwa hachukui tena mpaka amalize. Kikomo kikifika, jibu si "sikuamini", ni "daftari limejaa". Kila deni liwe na tarehe ya kulipa, jina, kiasi, na mteja aweke sahihi au alama mwenyewe. Deni lisilo na tarehe hukumbukwa na mwenye duka peke yake.

Kuhusu dhamana ya mali, wengi hawakumbuki kizuizi cha sheria kilivyo cha karibu. Ufaransa mwanamke aliyeolewa hakuweza kufungua akaunti ya benki bila ridhaa ya mumewe mpaka sheria ya mwaka 1965. Marekani, ilikuwa mwaka 1988 ndipo sheria ilipozima kabisa masharti yaliyokuwa yamebaki katika baadhi ya majimbo ya kumtaka mwanamke awe na ndugu wa kiume wa kusaini mkopo wa biashara. Mahali ambapo sheria haimzuii tena, hati ya ardhi bado inamzuia, kwa sababu ina jina la mwingine. Njia iliyopo ni dhamana ya vitu vinavyohamishika: cherehani, jokofu, mzigo wa stoo, hata madeni anayodai wateja wenye mikataba. Ili mkopeshaji avikubali anahitaji risiti. Mwanamke anunue mashine kwa risiti yenye jina lake kamili na namba ya mashine, na aitunze mahali pakavu. Risiti nyingi hufutika wino ndani ya miezi, kwa hiyo aipige picha siku hiyohiyo.

Na kuna lile ambalo halisemwi hadharani: mkopo au kibali kucheleweshwa mpaka mwanamke akubali kukutana na mwenye mamlaka nje ya ofisi. Hiyo ni rushwa ya ngono. Ofisi inayotaka kuikomesha isitosheke na mabango. Maombi yapokewe kwa namba, jibu litoke kwa maandishi ndani ya siku zinazojulikana, sababu ya kukataliwa itajwe, na mtu mmoja asiwe na uwezo wa kuidhinisha peke yake.

Vikundi vya kuweka na kukopa, vile vya kasha lenye kufuli tatu na washika funguo watatu, navipenda kwa sababu riba anayolipa mwanachama humrudia kwenye mgao. Muundo huo ulianzia Niger mwaka 1991 na umeenea kwa sababu unaeleweka: mwanachama hununua hisa moja hadi tano kila kikao, hukopa kisichozidi mara tatu ya akiba yake, na baada ya miezi 9 hadi 12 kila kitu kinagawanywa. Kasoro yake kubwa ni tarehe ya mgao. Vikundi vingi hugawana karibu na sikukuu, fedha ikaenda kwenye nguo na wageni, na mwezi unaofuata wote wanataka kukopa wakati kasha ni tupu. Kikundi cha wafanyabiashara kipange mgao wiki chache kabla ya msimu wao wa mauzo makubwa, ili fedha iingie kwenye mzigo. Na mwanachama anayeondoka asiachwe aondoke na ufunguo. Nimeona katiba nyingi za vikundi zenye kurasa kumi ambazo hazina mstari huo.

Ninachowaomba wakopeshaji ni karatasi moja, upande mmoja, kwa lugha anayoisoma mkopaji: kiasi atakachopokea mkononi baada ya makato yote, tarehe na kiasi cha kila rejesho, jumla atakayokuwa amelipa mpaka mwisho, akiba ya lazima itarudishwa lini, na kitakachotokea akichelewa siku moja, siku saba, siku thelathini. Apewe akalale nayo siku mbili kabla ya kusaini. Na wewe Mhariri, unapoletewa tangazo la mikopo ya wanawake lenye asilimia kubwa katikati ya ukurasa, ombi langu ni kwamba lisichapwe mpaka mwenye tangazo aongeze mistari miwili chini yake kwa herufi za ukubwa uleule: anayekopa 1,200,000 anapokea ngapi, na atarudisha ngapi.

Wako,
Mtunza hesabu wa vikundi vya kuweka na kukopa